AC ya gari haipoozi? Ya kufanya mwenyewe, ya kumwachia fundi, na namna ya kumsimamia

Kila joto la Desemba likifika maswali ni yaleyale. Mtu kajaza gesi mwezi uliopita, ikapooza vizuri wiki mbili tatu, sasa hivi yuko kwenye foleni ya Tazara, Dar, inampulizia joto, anauliza ajaze tena au abadilishe kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Wengine wananunua vile vikopo vya gesi wanajijazia wenyewe, matokeo yanakuwa yaleyale au mabaya zaidi. Huu mwongozo ufuate kwa mpangilio wake, usiruke hatua, maana kuna mengi utayamaliza hapo nyumbani bila kugusa gesi kabisa na yatakayobaki utajua uende kwa fundi wa aina gani na ukamwambie nini.

Nazungumzia gari zetu hizi za petroli kutoka Japani, IST, Vitz, Passo, Premio, Noah na ndugu zake, zinazotumia gesi ya R134a. Wenye haibridi someni pia, ila kuna sehemu yenu huko chini ambayo ni ya lazima.

Kabla ya yote shika hili: gesi ya AC haichomwi ikaisha kama petroli. Inazunguka humohumo kwenye mabomba miaka na miaka. Kuna kupungua kidogo sana kupitia mipira na oringi (pete ndogo za mpira kwenye viungio), hiyo ni kawaida kwa gari iliyokaa muda mrefu, lakini gesi iliyojazwa vizuri ikaisha ndani ya miezi miwili, hiyo imevuja na kuna sehemu imetoboka au haijakaza. Ukijaza bila kutafuta hilo tundu unalipia kitu kinachoenda hewani.

## Vitu vya kuandaa

- Kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano
- Tochi yenye mwanga mkali
- Filta mpya ya AC ya gari yako (nenda na ile ya zamani dukani, au namba ya chasisi)
- Mpira wa maji wa kawaida na brashi laini
- Sabuni ya maji kwenye chupa ya kupulizia
- Fyuzi za akiba zenye ampea zilezile
- Glovu na miwani ya kukinga macho
- Simu ya kupigia picha

Kikopo cha gesi hakimo kwenye hii orodha na sijakisahau. Sababu zipo mbele.

## Hatua ya 1: Pima hali ilivyo kabla hujagusa kitu

Fungua boneti utafute stika ya AC, mara nyingi iko mbele juu ya rejeta au chini ya boneti yenyewe. Itakuonyesha aina ya gesi, kwa mfano HFC-134a, na uzito wake kwa gramu. Gari ndogo nyingi ziko kati ya gramu 350 na 500, zenye AC ya nyuma kama Noah na Alphard ni zaidi ya hapo. Piga picha hiyo stika, utaihitaji sana kwa fundi. Ukikuta imeandikwa R1234yf, hiyo ni gesi nyingine ya gari mpya zaidi, haichanganywi na R134a na hata viunganishi vyake ni tofauti.

Sasa washa gari, weka AC, baridi ya mwisho, feni ya ndani namba ya juu, na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kiwe kimewaka. Chomeka sindano ya kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, subiri dakika kumi, halafu soma. Baada ya hapo piga resi kidogo, ishikilie kwenye mizunguko kama 1,500 (RPM) kwa dakika mbili, soma tena. Andika namba zote mbili.

Kwa joto na unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa, ukipata nyuzi 6 mpaka 12 AC yako iko vizuri, hata kama unahisi haikutoshi. Ukipata 15 kwenda juu kuna shida. Na ukiona gari ikisimama inapuliza joto ila ukitembea inapooza, usikimbilie gesi, nenda moja kwa moja hatua ya 3 maana hapo mshukiwa wa kwanza ni feni ya mbele.

## Hatua ya 2: Filta ya AC

Hii watu wengi hawajui hata kama ipo. Kwenye Vitz, IST na Toyota ndogo nyingi iko nyuma ya lile boksi la dashibodi upande wa abiria. Toa vitu vyote ndani ya boksi, chomoa kamba au kijiti kidogo kinacholishikilia pembeni, bana kuta zake mbili kwa ndani, litashuka lenyewe. Nyuma yake utaona kifuniko chembamba cha plastiki, kibanie pembeni, kivute, filta inatoka.

Ikitoka angalia vizuri. Nimeshaona filta zimejaa majani ya mwarobaini na manyoya ya kuku mpaka hazipitishi mwanga wa tochi. Hewa ikishindwa kupita hapo, evapareta (ile rejeta ndogo ya baridi iliyo ndani ya dashibodi) inaweza kuganda barafu kabisa na wewe huku mbele unapata upepo wa kubembeleza tu. Unaambiwa gesi imeisha kumbe gesi iko kamili.

Usiifue ile ya karatasi, nyuzi zake zinaharibika, weka mpya. Angalia mshale ulioandikwa pembeni na uelekeze kama ilivyokuwa ya zamani. Na kuna gari zinatoka Japani zina nafasi yake tu bila filta yenyewe, hapo vumbi lote limeishia kwenye evapareta, weka filta halafu siku ukienda kwa fundi mwambie aisafishe kwa ile povu maalum. Wewe usipulize maji humo ndani, kuna nyaya na mota ya blowa, yaani feni ya ndani.

Utajua umefanikiwa pale upepo ukiongezeka hapohapo kwenye namba ileile ya feni.

## Hatua ya 3: Kondensa na feni ya mbele

Kondensa ni ile inayofanana na rejeta, imekaa mbele yake. Kazi yake ni kutoa nje joto lililochukuliwa ndani ya gari, kwa hiyo ikizibwa na wadudu, vumbi na tope, joto halitoki na presha inapanda.

Zima gari, acha injini ipoe, halafu mwagia maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kuelekea mbele kama nafasi inaruhusu, ili uchafu urudi ulikoingilia. Brashi laini, kutoka juu kwenda chini. Mwenye kituo cha kuoshea gari asikuletee ile mashine ya presha karibu, yale mapezi ya alumini yanalala kwa sekunde chache na yakilala hewa haipiti tena.

Kisha feni. Washa gari, AC ikiwa imezimwa. Simama mbele, mwenzako abonyeze AC. Feni ya mbele inatakiwa kuanza kuzunguka ndani ya muda mfupi. Tahadhari: hizi feni zinajiwasha zenyewe wakati wowote swichi ya gari ikiwa imewashwa, mkono, tai, mtandio na khanga vikae mbali.

Isipozunguka, tafuta boksi la fyuzi kwenye injini, angalia fyuzi na rilei ya feni, mchoro uko ndani ya kifuniko. Fyuzi iliyoungua weka ya ampea zilezile, ikiungua tena usiongeze ampea wala usiweke kipande cha waya, kuna shoti au mota inakufa, hiyo ni ya fundi umeme. Na kama feni inazunguka ila kwa uvivu, mota imechoka na yenyewe inatosha kabisa kuua baridi kwenye foleni.

Ukimaliza rudia kipimo cha hatua ya 1. Ikishuka na kubaki chini gari ikiwa imesimama, umemaliza kazi, huna haja ya kuendelea.

## Hatua ya 4: Sikiliza kompresa

Boneti wazi, gari inaunguruma, mtu abonyeze AC. Kwenye kompresa nyingi utasikia "ka!" na utaona ile sahani ya mbele ya puli inaanza kuzunguka pamoja na puli, na mlio wa injini unabadilika kidogo. (Kuna kompresa za kisasa hazina klachi, hizo zinazunguka muda wote, kwa hizo hiki kipimo hakifai.)

Ikishika na kubaki, vizuri. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi ni kidogo. Isiposhika kabisa, angalia fyuzi ya A/C, na rilei ya kompresa, ambayo kwenye Toyota nyingi imeandikwa MG CLT. Kama kuna rilei nyingine inayofanana nayo kabisa, mfano ya honi, zibadilishane kwa muda uone kama itashika.

Fyuzi na rilei zikiwa nzima na bado haishiki, uwezekano mkubwa ni gesi imeisha na swichi ya presha imekata umeme makusudi. Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Kuna mafundi wanaunga waya moja kwa moja ili kompresa ishike, "tujaribu tu". Usikubali! Oili inayolainisha kompresa inatembea pamoja na gesi, gesi ikiwa haipo oili haizunguki, kompresa inajisaga ikiwa kavu na vyuma vyake vinasambaa mpaka kwenye kondensa. Tatizo lililokuwa la oringi moja linakuwa la kubadilisha mfumo mzima.

## Hatua ya 5: Tafuta inapovuja

Gesi ikitoka inatoka na oili kidogo, na vumbi letu linanasa kwenye oili. Kwa hiyo zima gari, chukua tochi, fuata mabomba ya AC kuanzia kompresa, unatafuta doa la mafuta lenye vumbi jeusi. Angalia viungio vyote, mbele ya kompresa kwenye sili ya shafti, kingo za kondensa hasa chini ambako mawe yanapiga, na zile nozeli mbili za kujazia. Vifuniko vya nozeli vikiwa vimepotea weka vingine, vinazuia uchafu na vinasaidia kuziba.

Ukiwa na gesi iliyobaki humo, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maeneo unayoshuku, gari ikiwa imezimwa, usubiri. Kivujo kidogo kinachukua dakika kadhaa kutoa vipovu, usikate tamaa mapema. Usikaze wala kulegeza kiungio chochote mwenyewe, gesi hii ikitoka inachemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikugusa jicho au ngozi inaunguza kwa baridi.

Ukikuta doa piga picha. Usipokuta haimaanishi hakuna, evapareta imejificha ndani ya dashibodi na hiyo itahitaji vifaa vya fundi.

## Hatua ya 6: Maji

AC inayofanya kazi inadondosha maji chini ya gari, upande wa abiria mbele. Ni unyevu wa hewa, sio ugonjwa. Ugonjwa ni kapeti la abiria likilowa huku chini pakavu, maana yake mpira wa kutolea maji umeziba. Ukiuona ncha yake kwa chini, uzibue taratibu kwa kitu laini, usisukume waya mkali ukatoboa evapareta. Kama AC inanuka, zima kitufe cha AC dakika chache kabla hujafika uache feni tu, ndani patakauka.

## Mpaka wa kazi yako uko hapa

Sasa kwanini nasema gesi usijaze mwenyewe kwa kikopo.

Kwanza presha haikuambii gesi ni kiasi gani. Gari ikiwa imezimwa kwenye joto la nyuzi 30, R134a itasoma kama psi 95 pande zote mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa, iwe iko nusu au iko kamili, ilimradi kuna kimiminika ndani. Njia ya uhakika ni kutoa yote na kujaza kwa kupima kwenye mizani. Kwenye gari inayotaka gramu 400, gramu 100 zikizidi ni robo nzima, presha inapanda, baridi inapungua na kompresa inateseka.

Pili hewa na unyevu. Mfumo ukishakuwa wazi, hewa imeingia, na maji yakichanganyika na oili yanatengeneza asidi inayokula vyuma kwa ndani. Hayo yanatolewa kwa pampu ya vakyumu, kikopo hakitoi kitu.

Tatu, vikopo vingi vina dawa ya kuziba tundu. Hiyo dawa inaweza kuziba ekspansheni valvu (kijitundu chembamba kinachopitisha gesi kuingia evapareta) badala ya tundu, na mafundi wenye mashine nzuri wakijua umeiweka wanaweza kukataa gari yako.

Na kuna wanaojaza gesi ya kupikia kwa sababu inapooza. Ndiyo inapooza, lakini evapareta iko ndani, mbele ya miguu ya abiria, ikitoboka gari ya watoto inajaa gesi inayolipuka. Hapo hakuna mjadala.

## Hatua ya 7: Chagua fundi kwa maswali

Kabla ya bei, muulize haya: una pampu ya vakyumu? Una mizani? Unatafutaje leki? Gesi iliyobaki unaipeleka wapi?

Anayejibu "tunaongeza tu kidogo tuone", aga kwa heshima. Anayetumia upepo wa matairi kupima leki, aga pia, ule upepo umejaa maji, na R134a ikichanganyika na hewa kwa presha kubwa inaweza kushika moto. Kipimo sahihi ni naitrojeni, au rangi ya UV na taa yake, au kile kifaa cha kunusa gesi. Anayefyatua gesi hewani anaharibu vilevile, kilo moja ya R134a inapasha joto dunia zaidi ya kilo 1,300 za kaboni dayoksaidi, ndo maana ikawekwa kwenye makubaliano ya Kigali ya 2016. Mwenye mashine anainyonya anaihifadhi.

Mwonyeshe picha ya stika, picha ya doa la mafuta na zile namba zako za kipimajoto. Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia kazi.

## Hatua ya 8: Simama uone kazi inafanyika

Mpangilio ni huu: ananyonya gesi iliyobaki, anatafuta na kuziba leki, anabadilisha oringi za pale alipofungua na draya (kichujio kinachonyonya unyevu) kama mfumo ulikaa wazi, anavuta vakyumu, anaongeza oili sahihi kwa kiasi kilichotoka, anajaza gesi kwa gramu.

Vakyumu isipungue nusu saa. Maji yaliyomo yanachemka na kutoka presha ikishuka sana, ila yanahitaji muda, dakika tano hazitoshi hata kama geji imeshafika chini. Dar au Mombasa geji nzuri itafika karibu na -29 (inchi za zebaki, inHg). Mtu wa Arusha usigombane na fundi ukiona -25, na Nairobi ni kama -24, huko juu hewa ni nyepesi na geji haiwezi kushuka zaidi. Kisha afunge valvu, azime pampu, msubiri robo saa. Sindano ikitulia, sawa. Ikipanda, bado kuna tundu, asijaze.

Akishajaza, gari ikiwa kwenye resi ya 1,500, geji ya bluu (presha ndogo) iwe kama psi 25 mpaka 45 na nyekundu (presha kubwa) kama 180 mpaka 250, kutegemea na joto la siku hiyo. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni ndogo. Zote juu, imezidi au kondensa haipumui. Bluu juu na nyekundu chini, kompresa imechoka. Bluu ikizama kuelekea vakyumu, kuna kizibo, mara nyingi ekspansheni valvu.

## Wenye haibridi

Prius, Aqua na wenzake wengi kompresa yao ni ya umeme mkubwa, zile nyaya za rangi ya chungwa zina volti zaidi ya 100 na zinaua. Hatua ya 1 mpaka 3 na ya 6 fanya bila wasiwasi, feni tu uiheshimu maana gari iko kimya ukadhani imezimwa. Nyingine zote acha.

Oili nayo ni tofauti. Gari za kawaida nyingi zinatumia oili aina ya PAG, kompresa ya umeme inatumia aina ya POE, kwenye Toyota ni ND-OIL 11. PAG kidogo tu ikiingia, hata iliyobaki kwenye hosi za geji, inaharibu uzuiaji wa umeme ndani ya kompresa na gari inaweza kukata AC kabisa. Muulize fundi kama ana hosi za peke yake za haibridi, na uone chupa ya oili kwa macho yako.

## Kabla hujaondoka gereji

Rudia kipimo cha hatua ya 1 palepale, kwa kipimajoto chako, gari ikiwa imesimama juani. Mwambie aandike kwenye risiti gramu alizojaza, oili gani, na leki ilikuwa wapi. Oringi au kifaa kilichotolewa kidai ukione. Baada ya wiki mbili pima tena nyumbani saa ileile ya mchana, na namba ikipanda kwa nyuzi tano au zaidi rudi na risiti yako kabla gesi haijaisha yote, maana ikiwa bado imo ndani leki inaonekana kwa urahisi.